Somo: Protini Katika Damu



Hapa Kisauni mtu akivimba miguu tunasikia mengi: karogwa, au hali nyama. Akienda kupimwa damu hurudi na karatasi ya namba asiyoielewa. Hebu tuisome pamoja.

Protini ya damu ni nini?
Iliyo nyingi zaidi ni albumini, nayo hutengenezwa na ini. Huzuia maji yasitoke nje ya mishipa. Ikipungua sana, mwili huvimba. Zingine, ziitwazo globulini, nyingi husaidia kupigana na magonjwa.

Kwa kawaida mtu mzima huwa na jumla ya gramu 60 hadi 80 kwa lita, na albumini gramu 35 hadi 50. Maabara hutofautiana kidogo, basi tazama kiwango kilichoandikwa kando ya namba yako.

Ikiwa chini
Si njaa peke yake. Pengine ini ni gonjwa, au figo zinaipoteza katika mkojo, au matumbo hayachukui chakula vizuri. Mama mjamzito hupungua kidogo, na hilo ni kawaida. Lakini akivimba uso na mikono, au akiumwa sana na kichwa, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Ikiwa juu
Si kwa sababu ya kula maharagwe mengi! Huenda maji yamepungua mwilini, kwa mfano baada ya kuharisha. Huenda pia kuna ugonjwa wa muda mrefu kama kifua kikuu au virusi vya Ukimwi na, mara chache, saratani ya uboho.

Tufanye nini?
Namba peke yake haitaji ugonjwa. Tusimalize akiba ya kikundi kwa nyama au dawa za kutembezwa. Mwenye figo mbovu aweza hata kudhurika kwa protini nyingi. Tumuulize daktari: Mkojo umepimwa? Ini na figo je?

Mtoto aliyevimba kwa unyafuzi apelekwe hospitali, asishindiliwe chakula nyumbani. Kinga ndiyo kazi yetu. Wenzetu wa Uganda, katika kituo cha Mwanamugimu kwenye Hospitali ya Mulago, wamewafundisha akina mama kupika mchanganyiko wa viazi au ndizi pamoja na maharagwe, karanga au maziwa. Nasi tuna kunde, pojo na dagaa.

Maswali ya kujadiliana
1. Kwa nini nyama haiponyi kila uvimbe?
2. Nani kikundini atamsindikiza mgonjwa aulize maswali haya?