Dondoo muhimu: Seva inapokituma kivinjari kazi
Seva, yaani kompyuta inayoendesha mfumo, haiwezi kuugusa moja kwa moja ukurasa ulio katika simu ya mteja. Huweza kutuma maagizo ya JavaScript, lugha inayoeleweka na kivinjari, ili kivinjari chenyewe kifiche fomu au kioneshe ujumbe. Hatari kubwa ni kuunganisha data na maagizo hayo kwa mkono, kwa kuwa jina la Kisukuma kama Ng'wandu, likizungushiwa alama moja moja za kunukuu, hukatwa kwenye ritifaa yake, kivinjari kikakataa msimbo wote wa sehemu hiyo na kitufe cha kulipia kisiitikie. Mwenye nia mbaya naye hupenyeza maagizo yake papo hapo. Katika PHP, lugha ya upande wa seva, basi, data ipitishwe kwanza kwenye amri ya json_encode, pamoja na chaguo la JSON_HEX_TAG iwapo msimbo umo ndani ya HTML, lugha ya kupanga ukurasa. Rails, mfumo wa kutengeneza tovuti uliozalisha JavaScript kwa zana yake ya RJS tangu 2006, uliiondoa RJS katika toleo la 3.1 mwaka 2011. Badala ya maagizo, seva inaweza kutuma kipande cha HTML ambacho maktaba ya htmx hukiweka kwenye ukurasa, nacho hukaguliwa kwa urahisi zaidi. Uhakiki wa malipo ubaki kwenye seva, kwani mtumiaji aweza kubadilisha chochote kilichofika kwenye kivinjari chake.