AMANA YA FUNDI NA MABAKI YA KAZI YAKE

Kwa jina la Mwenyezi Mungu twaanza. Sifa njema zote ni zake, aliyeiumba ardhi akaiwekea mizani, na akampa mwanadamu mikono ya kutengeneza na akili ya kujiepusha na madhara. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake wote.

Ama baada ya hayo. Somo hili tumewaandikia ndugu zetu mafundi wa simu, redio, runinga na betri, khasa wenye vibanda pembezoni mwa mji wa Dar es Salaam: Tandale na Mwananyamala katika Kinondoni, Tandika na Mbagala katika Temeke, na mitaa iliyo mfano wa hiyo. Kazi yao ni ya halali, tena ni ya heshima. Fundi hupokea kitu kilichonyamaza, akamrudishia mwenyewe kinasema. Humwokolea maskini fedha ya kununua kipya, na kile kitu akakizuia kisiende jalalani kabla ya wakati wake.

Lakini kila kazi ina mabaki. Seremala huacha maranda, mchinjaji huacha damu na ngozi, na fundi wa simu huacha bodi zilizoungua, betri zilizovimba, vioo vilivyopasuka na vipande vya nyaya. Maranda huoza yakawa udongo. Mabaki ya fundi wa simu hayaozi, na baadhi yake yana sumu. Bassi swali la somo hili ni moja tu: mabaki hayo yako juu ya nani? Nasi twajibu yakuwa yako juu ya fundi, mpaka ayafikishe mahali yasipomdhuru mtu. Haya ndiyo tutakayoyaeleza, inshallah.

SEHEMU YA KWANZA: Wingi wa mabaki haya

Ripoti ya kimataifa iliyotolewa mwaka 2024 yaeleza yakuwa katika mwaka 2022 ulimwengu ulitupa tani milioni 62 za vyombo vya umeme na elektroniki, na katika hizo ni asilimia 22.3 tu zilizojulikana kwamba zilikusanywa na kushughulikiwa kwa njia iliyo sawa.

Wala mambo haya hayako mbali nasi. Tarehe 31 Desemba 2012 mitambo ya runinga ya mfumo wa zamani ilizimwa Dar es Salaam. Runinga za chogo hazikuharibika siku ile. Zilihitaji king'amuzi tu ili ziendelee kuonyesha. Hata hivyo watu wengi wameziacha kwa ajili ya zile bapa, nazo zimerundikana nyuma ya vibanda vya mafundi. Tena usiku wa tarehe 16 Juni 2016 Mamlaka ya Mawasiliano ilizifungia simu bandia zisipokee mawasiliano nchini. Simu iliyokuwa ikinena jioni, asubuhi ikawa takataka mfukoni mwa mwenyewe. Ni nani aliyepelekewa simu hizo kuulizwa la kufanya? Ni fundi wa mtaani.

SEHEMU YA PILI: Yaliyomo ndani ya vyombo hivi

Fundi ni mjuzi wa vyombo hivi, lakini si kila fundi aliyeambiwa yaliyomo. Basi na ajue haya.

Risasi. Nayo imo katika lehemu ya kawaida, ambayo kwa desturi ni kama mafungu sita ya bati na manne ya risasi. Imo katika betri za magari na za umeme wa jua. Imo pia katika kioo cha runinga ya chogo, ambamo iliwekwa ili kuzuia mionzi isimfikie mtazamaji. Risasi huingia mwilini kwa mavumbi, kwa moshi, na kwa mkono usiooshwa unaopelekwa kinywani. Shirika la Afya Duniani lasema yakuwa hakuna kiasi cha risasi kinachojulikana kuwa ni salama, na kwamba mtoto mdogo hufyonza risasi aliyoimeza mara nne hata tano kuliko mtu mzima. Madhara yake makubwa ni katika ubongo wa mtoto: hupungua fahamu, na akili iliyopotea kwa njia hiyo hairudi.

Zebaki. Nayo imo katika taa za mirija, na katika taa nyembamba zilizo nyuma ya vioo vya runinga bapa za mwanzo.

Lithiamu. Betri ya simu ikitobolewa, ikipondwa au ikiachwa juani hali imevimba, yaweza kuwaka moto usiozimika kwa wepesi.

Ngozi ya waya. Plastiki ile ikichomwa ili kupata shaba, hutoa moshi wenye sumu kali, na baadhi ya sumu hiyo hutua juu ya udongo na maji ikabaki humo muda mrefu.

Ewe fundi, tazama kibanda chako kilipo. Aliyeko Tandale maji yake ya mvua huteremkia Mto Ng'ombe, na Mto Ng'ombe huingia Msimbazi, na Msimbazi huingia baharini. Aliyeko upande wa Mbagala na Mtoni, maji yake huelekea Mto Kizinga. Katika masika mito hii hufurika ikaingia majumbani mwa watu. Utakachokimwaga mtaroni mwezi wa Februari, mwezi wa Aprili chaweza kurudi mlangoni kwa jirani, na huenda mlangoni kwako mwenyewe.

SEHEMU YA TATU: Khabari ya Owino Uhuru

Huenda mtu akasema, "Haya ni maneno ya vitabuni, sisi tumeyachoma miaka yote wala hatukuona kitu." Tumpe khabari ya mwambao wetu huu huu. Huko Mombasa kuna kijiji kinachoitwa Owino Uhuru, chenye watu wapatao 3,000. Kando yake kilijengwa kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za magari ili kupata risasi. Watu waliona moshi, wakaona maji yakitoka kiwandani, lakini kazi ilikuwapo na mshahara ulikuwapo, wakanyamaza. Mwanamke mmoja aliyekuwa mfanyakazi humo, Phyllis Omido, aliuguliwa na mtoto wake mchanga. Alipopimwa ikaonekana risasi katika damu yake. Mama yule akasimama kuwasemea jirani zake, na mwaka 2015 akapewa Tuzo ya Goldman kwa kazi hiyo. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014. Mwezi wa Julai 2020 mahakama ya Mombasa ikaamua wenyeji walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya, na baada ya rufani, Mahakama ya Juu ikairudisha hukumu hiyo mwezi wa Desemba 2024.

Bassi na tuzingatie. Fedha ile ni nyingi, lakini haimrudishii mama mtoto aliyezikwa, wala haimpi mtoto akili iliyokwisha kupungua. Na betri zilizoyeyushwa pale zilitoka kwa watu, moja moja, kila mmoja akidhani yake ni moja tu.

SEHEMU YA NNE: Hukumu ya jambo hili

Kuna hadithi mashuhuri waliyoipokea Imamu Malik na Ibn Majah, ambayo maana yake ni kukataza mtu asidhuru wala wasidhuriane watu. Wanavyuoni wameifanya hadithi hiyo kuwa msingi mkubwa katika fikihi, na juu yake wamejenga haki za jirani, za njia na za maji. Tena Mtume, rehema na amani zimfikie, ametahadharisha vikali juu ya kuchafua mapitio ya maji, njia za watu na vivuli wanavyopumzikia. Ikiwa uchafu unaooza kwa siku chache umekatazwa mahali hapo, basi sumu isiyooza ina daraja gani?

Na Qurani imekataza uharibifu katika ardhi baada ya kutengenezwa kwake, ikakataza na israfu pia. Kutupa kitu kinachotengenezeka ni israfu; na kukiteketeza kwa njia inayodhuru ni uharibifu. Fundi amesimama kati ya mambo haya mawili, na aweza kuyazuia yote mawili.

Ama kwa upande wa serikali, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imemwajibisha kila mtu akaaye Tanzania kuyalinda mazingira, na mwaka 2021 zikatoka kanuni makhsusi za taka za vyombo vya umeme na elektroniki. Msimamizi wake ni Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, yaani NEMC. Kuitii sheria iliyowekwa kuondoa madhara ni katika mema.

SEHEMU YA TANO: Mas-ala

Mas-ala ya kwanza. Fundi auliza: "Kibanda changu ni kidogo, na mabaki yangu hayajazi hata ndoo. Je, nina dhambi gani?" Jawabu: Udogo wa fungu lako haulifanyi kuwa si lako. Vibanda vidogo mia moja ni kiwanda kimoja kisichokuwa na ukuta. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Mas-ala ya pili. "Vijana huniomba nyaya wakazichome wapate shaba ya kuuza, nao wana njaa. Je, niwanyime?" Jawabu: Usiwanyime riziki, wanyime moto. Waya huchunwa kwa kisu, na shaba iliyochunwa ni safi, haikuungua. Kazi ni ya polepole, lakini kijana hatavuta moshi ule, na jirani mwenye pumu atalala usiku.

Mas-ala ya tatu. "Wateja huacha vyombo vyao mwaka mzima hawarudi. Je, ni halali yangu kuvibomoa nikatoa spea?" Jawabu: Chombo cha mteja mkononi mwa fundi ni amana. Katika madhehebu yetu ya Imamu Shafi, kwa kauli yenye nguvu zaidi, fundi hakidhamini kikiharibika pasipo kosa lake; lakini akivuka mpaka hukidhamini. Kukibomoa bila idhini ni kuvuka mpaka. Njia ya salama ni kuandikiana tangu mwanzo. Karatasi ya mapokezi itaje muda, na mteja aridhie kwa kutia sahihi yakuwa muda ukipita, naye ametafutwa hakupatikana, fundi ana ruhusa ya kukibomoa au kukitoa. Ama vile vya zamani visivyo na karatasi, watafute wenyewe, na wasipopatikana muulize shehe wako au kadhi kabla hujagusa. Na picha na maandiko yaliyomo ndani ya simu ni siri ya mtu. Usiyafungue, na simu isiuzwe wala kutupwa mpaka yafutwe.

Mas-ala ya nne. "Nikimwuzia mnunuzi wa chuma chakavu, je, sijatoka katika lawama?" Jawabu: Ikiwa wajua yakuwa ataivunja runinga ya chogo kwa jiwe ili apate shaba iliyozungushwa shingoni mwa kioo, kisha akitupe kioo bondeni, basi umemsaidia. Muulize hupeleka wapi, na kama ana kibali.

SEHEMU YA SITA: Mwendo wa kazi

Na huu ndio mwendo tunaomnasihi kila fundi aushike.

Kwanza, tengeneza kabla ya kubadili. Mwambie mteja kweli: simu hii inahitaji betri tu, wala haihitaji kuachwa. Faida ya leo ni ndogo, lakini mteja huyo atarudi na atawaleta wengine.

Pili, weka vyombo vitano: cha bodi, cha nyaya na shaba, cha plastiki, cha vioo na taa, na cha betri. Vikichanganyika havina thamani. Vikitengwa, baadhi yake vyauzika.

Tatu, betri za simu zifunge ncha zake kwa gundi ya utepe, uziweke katika bati lenye mchanga mkavu, kivulini, mbali na chuma cha kulehemu. Betri ya gari isimwagwe maji yake, bali ipelekwe nzima.

Nne, lehemu mahali penye hewa. Usile juu ya meza ya kazi, na uoshe mikono kwa sabuni kabla ya chakula. Nguo ya kazi usiingie nayo ukambeba mtoto. Wala kibanda kisiwe ndicho chumba wanamolala watoto.

Tano, shirikianeni. Fundi mmoja hawezi kukodi gari, lakini mafundi ishirini wa mtaa mmoja waweza, mara moja kila miezi mitatu, kupeleka mabaki yao kwa mkusanyaji mwenye kibali cha NEMC. Waulizeni ofisi ya kata au manispaa ni nani mwenye kibali, na mkipeleka chukueni stakabadhi.

Na asiseme mtu yakuwa desturi ya watu haibadiliki. Tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku Tanzania bara, na wengi walidhani masoko yatasimama. Hayakusimama, watu walirudi kwenye vikapu.

KHATIMA

Ndugu zetu, ukimaliza kazi jioni, ufunge mlango wa kibanda, ukakumbuka bati la betri lililo kivulini na fungu la nyaya usilolichoma, jua yakuwa hiyo nayo ni kazi uliyoifanya leo, ijapokuwa hakuna mteja aliyekulipa. Mlipaji wake yuko, naye hasahau. Kuondoa chenye kudhuru njiani kumehesabiwa katika matawi ya imani; basi vipi kwa mwenye kukizuia kisifike njiani kabisa?

Twamwomba Mwenyezi Mungu aibariki mikono ya mafundi wetu, awalinde watoto wetu na sumu tusiyoiona, na atujaalie kuwa watu wasiodhuru wala wasiodhuriwa. Amin.