SOMO KWA WAMAMA: SHOKA LA NYUMBANI

Siku ya kupima watoto tunazoea kufundisha juu ya maziwa, malaria na maji safi. Leo tunafundisha juu ya shoka. Usicheke! Pasipo kuni hakuna moto, na pasipo moto hakuna chakula. Lakini shoka lisilotunzwa linaweza kukata mguu wa mama au kupofusha jicho la mtoto.

Mara nyingi shoka linatoa habari mbele ya kuumiza. Chuma kinatikisika, mpini unalia. Mama anasikia, lakini anasema: "Tutatengeneza kesho, leo napasula tu kuni kidogo." Siku ile ile chuma kinaruka. Kwa hiyo shika neno hili moja: ANGALIA MBELE YA KUPIGA.

1. Mpini
Shika mpini, tikisa shoka. Kama chuma kinacheza, usilitumie. Wakati wa kiangazi mti wa mpini unakauka na kupungua, ndipo chuma kinalegea. Wengi wanalaza shoka ndani ya maji usiku. Ni kweli mti unavimba na chuma kinakaza, lakini ukikauka tena kinalegea kuliko mbele. Dawa yake ni kabari, ndiyo kipande cha mti mgumu na mkavu, kinachopigwa ndani ya ufa uliopasuliwa kwenye kichwa cha mpini. Usipige msumari, unapasua mti. Na mpini wenye ufa usifungwe kwa kamba ya mpira. Utengenezwe mwingine.

2. Makali
Wengine wanafikiri shoka butu halina hatari. Sivyo. Shoka kali linaingia ndani ya kuni; shoka butu linateleza na kurudi kwenye mguu wako. Linoe kwa tupa au kwa jiwe, pande zote mbili sawasawa. Tupa iwe na mpini wake, sababu mkia wake unachoma kiganja. Usijaribu makali kwa kidole.

3. Mahali pa kupasulia
Weka kuni juu ya gogo pana, upande ulio mbali nawe. Ukikosa, shoka litapiga gogo, halitapiga mguu. Tanua miguu, vaa viatu, pangusa mikono yenye maji au mafuta. Mtoto wa mgongoni mpe mtu mwingine. Watoto wanaookota vibanzi wakae mbali, hatua kumi au zaidi, mpaka uwaambie: "Nimemaliza, mukuye."

4. Kuliweka
Usiache shoka limesimama katika gogo, mtoto atalivuta. Lipanguse, paka chuma mafuta kidogo kisishike kutu, funika makali kwa kipande cha mpira wa gari, lilaze juu ambapo mtoto hafiki. Usiliweke karibu na moto, mpini utakauka kupita kiasi.

KAMA AJALI IMETOKEA

Kidonda: Gandamiza kwa nguvu kwa kitambaa safi, dakika 10, pasipo kufungua ili kuangalia. Inua mguu au mkono juu. Kidonda kidogo kioshe kwa maji safi na sabuni. Kidonda kirefu, au damu isiyokoma, endelea kugandamiza na uje hospitali upesi. Usitie udongo, majani, petroli wala mavi ya ng'ombe. Ndani ya udongo na mavi mna vijidudu vya pepopunda, ndiyo tetanosi. Ugonjwa huu unakaza taya na mwili wote, na unaua.

Jicho: Kama kibanzi kimechoma jicho, usikivute, usisugue, usitie maziwa ya mama wala dawa ya majani. Funika jicho polepole pasipo kulikandamiza, umlete mgonjwa siku ile ile. Jicho haliwezi kungoja siku ya soko.

Chanjo: Leta fishi yako tuangalie shindano za tetanosi. Mama mwenye mimba asiyechanjwa anapata shindano mbili za kwanza, na kati yake zinapita juma 4 au zaidi. Nyingine zinafuata, mpaka zitimie 5. Chanjo hii inamlinda mama, na tena inamlinda mtoto mchanga atakayezaliwa.

MASWALI YA KUJIBU PAMOJA
1. Kwa nini maji hayatoshi kukaza chuma cha shoka?
2. Shoka lipi lina hatari zaidi, kali au butu?
3. Utafanya nini kama kibanzi kimeingia jichoni?

Leo ukifika nyumbani, mbele ya kuwasha moto wa jioni, shika shoka ulitikise. Kama linacheza, mwambie baba au fundi: "Shoka hili halipasule kuni mpaka litengenezwe." Hata kama chakula kitachelewa, tuchelewe kula pasipo kulia.