Dondoo muhimu: Kujiandaa na marathoni huku ukiwahi kazini

Kilomita 42.2 za Kilimanjaro Marathon mjini Moshi zinawezekana hata kwa anayegombania daladala Mbagala au Tegeta, Dar es Salaam, kila asubuhi. Anza mazoezi angalau wiki 16 kabla.

• Siku nne zinatosha. Kimbia dakika 40 hadi 60 mara tatu katikati ya wiki, na mbio ndefu Jumapili alfajiri.

• Toka kabla ya jua. Saa 11 alfajiri joto la Dar limepungua na foleni haijaanza. Vaa nguo zinazoakisi mwanga, ukimbie ukitazamana na magari.

• Jiunge na wenzako. Vikundi vya jogging vimejaa Temeke na Kinondoni. Gizani, wingi ni usalama.

• Panda polepole. Ongeza umbali kwa wiki tatu, ya nne upunguze. Maumivu yakibadilisha hatua zako, pumzika.

• Zoea vilima. Njia ya Moshi hupanda kuelekea Mweka, ilhali Coco Beach ni tambarare. Mara moja kwa wiki kimbia kwenye miinuko ya Goba au Pugu.

• Linda usingizi. Andaa nguo za mazoezi na za kazi usiku, ulale saa 3.

• Hifadhi nguvu. Mwaka 2025 jijini Tokyo, Mtanzania Alphonce Simbu alitwaa ubingwa wa dunia wa marathoni kwa tofauti ya sekunde 0.03. Anza taratibu, umalize kwa kasi.