Kimakonde cha Bibi na Ngeli za Kiswahili

Nataka kuwaletea somo la lugha, lakini kwanza niungame. Tangu shule ya msingi nikiulizwa kabila nilikuwa nikijibu, "Mdigo." Mimi ni Mmakonde. Bibi yangu ana chale usoni na tundu la ndona kwenye mdomo wa juu. Siku moja alikuja hadi hapa shuleni Kona ya Musa kuniletea pesa za chakula cha mchana. Wenzangu wakamkodolea macho, nami nikajitia simjui. Akampa askari wa geti zile pesa, akaenda zake.

Wazee wetu walitoka Mueda, kaskazini mwa Msumbiji, wakaja kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge na ya miwa kule Ramisi. Kiwanda cha sukari kilifungwa mwaka 1988. Wao wakabaki, bila vitambulisho. Babangu hata laini ya simu alisajiliwa na jirani! Oktoba 2016 Wamakonde wa Kwale wakafunga safari ya miguu kwenda Ikulu, Nairobi, na mwaka 2017 tukatambuliwa kuwa kabila la 43 la Kenya. Baba akapata kitambulisho. Lugha je? Sikujua hata neno.

Basi likizo ya Agosti nikachukua daftari, nikaketi na bibi jikoni. Mtu kwake ni munu, watu ni vanu. Mwana ni mwana, wana ni vana. Yaani ni ngeli yetu ile ile ya A-WA, ila WA imekuwa VA.

Nikamuuliza juu ya ngoma ya mapiko, ile ya mchezaji aliyevaa kinyago kichwa kizima. Akasema kinyago kimoja ni lipiko, vingi mapiko. Hapo nikaweka kalamu chini. Sisi husema tunda, matunda, halafu tunakariri "ngeli ya LI-YA" bila kujiuliza hiyo LI iko wapi. Tazama: tunda limeiva. Kwetu LI iko kwenye kitendo, kwa bibi ipo pia mwanzoni mwa jina! Ngeli iliyonitesa tangu darasa la tano, kumbe mwalimu wake alikuwa nyumbani.

Matamshi yangu yalimchekesha bibi mpaka chai ikamwagika. Aliponyamaza nikamwomba radhi kwa siku ile ya getini.

"Nilikuona," akasema. "Haya, sema tena: vanu."