Mgeni Katika Sherehe ya Ndugu: Somo Kutoka Kraków, Mbale na Kizimkazi



Mpendwa msomaji, kila mwaka mwezi Agosti kijiji cha Kizimkazi, kusini mwa Unguja, hujaa watu. Tamasha la Kizimkazi, ambalo hapo awali lilijulikana kama Siku ya Samia kwa heshima ya Rais Samia Suluhu Hassan, mzaliwa wa huko, hukusanya ngoma, michezo ya asili, vyakula vya pwani, maonesho ya biashara na uzinduzi wa miradi ya maendeleo. Wakatoliki wa visiwani ni wachache, lakini mlango wa tamasha uko wazi kwao kama kwa wengine. Hapo ndipo swali la somo letu linapozaliwa: Mkristo anapoingia katika sherehe ya utamaduni au dini isiyo yake, anaingia kama nani? Mtazamaji, mteja, au mgeni wa kweli?

Ili kulijibu, tutaanza mbali na Kizimkazi, kwenye tamasha la mji mmoja wa Ulaya linaloadhimisha utamaduni wa Kiyahudi. Kisha tutapitia Uganda, na mwisho tutarudi nyumbani.

1. Sherehe ni nini?

Mwanafalsafa Mkatoliki Josef Pieper alifundisha kwamba kusherehekea ni kukiri, kwa namna ya pekee, kuwa ulimwengu na maisha ni vyema. Asiyeamini kwamba kuishi ni jambo jema anaweza kujiburudisha, lakini hawezi kusherehekea. Kwa mtazamo huo, muziki na chakula ni lugha ya sherehe, na moyo wake ni ile "ndiyo" inayosemwa na watu wote pamoja.

Mwanafikra wetu wa Afrika Mashariki, John Mbiti, katika kitabu chake cha mwaka 1969 kuhusu dini na falsafa za Kiafrika, alitumia maneno mawili ya Kiswahili, Sasa na Zamani, kueleza wakati. Marehemu anayekumbukwa kwa jina na watu waliomfahamu bado yumo katika Sasa. Anapokosekana wa kumtaja, anazama katika Zamani. Tukiunganisha mawazo hayo mawili tunaona kazi ya sherehe: inatamka kwamba maisha ya watu fulani yalikuwa mema, na inawazuia wasizame.

Israeli walilijua hili kabla ya wanafalsafa. Sura ya 23 ya kitabu cha Walawi inaorodhesha sikukuu za Bwana: Sabato, Pasaka, Majuma, Vibanda na nyinginezo. Sura ya 16 ya Kumbukumbu la Torati inaongeza jambo ambalo mara nyingi tunalipita haraka: wanaopaswa kufurahi siku hizo ni pamoja na mgeni, yatima na mjane. Basi katika sherehe ya Biblia mgeni hasimami nje ya uzio. Sheria yenyewe imemtengea nafasi.

2. Kraków: sherehe iliyokosa wenyewe

Mjini Kraków, Poland, kuna mtaa uitwao Kazimierz, ulioanzishwa kama mji mwaka 1335. Kwa karne nyingi ulikuwa makao ya Wayahudi, na hadi leo masinagogi yake saba ya kale yamesimama. Kabla ya Vita Kuu ya Pili, Wayahudi wa Kraków walizidi 60,000, yaani takribani mtu mmoja kati ya wanne. Kisha Wanazi waliwafungia katika geto ng'ambo ya mto, na mwezi Machi 1943 wakalifuta. Kambi ya Auschwitz iko kilomita zisizofika 80 kutoka hapo. Katika Poland nzima waliuawa Wayahudi wapatao milioni tatu.

Mwaka 1988, Janusz Makuch na Krzysztof Gierat, ambao si Wayahudi, walianzisha Tamasha la Utamaduni wa Kiyahudi katika mji huo. Tangu hapo limekua likawa la kila mwaka, majira ya kiangazi. Waimbaji wa sinagogi huimba katika Sinagogi la Tempel, watu hujifunza mwandiko wa Kiebrania, mapishi na lugha ya Kiyidishi, na wengine hutembezwa kwenye makaburi ya kale. Kwa miaka mingi kilele chake kilikuwa onesho kubwa la muziki katika uwanja wa barabara ya Szeroka, mbele ya maelfu ya watu.

Wakosoaji waliuliza swali zito: je, mnaweza kuadhimisha utamaduni wa watu ambao hawapo? Je, si kuuza kumbukumbu ya marehemu kwa watalii? Hatuoni kuwa swali hilo ni la chuki. Ngoma bila wenyewe inaweza kugeuka mapambo, na machozi yakawa bidhaa.

Hata hivyo kuna upande wa pili. Kama hakuna mwana aliyebaki wa kuwataja wafu wa mtaa, na jirani naye akinyamaza, nani atawataja? Kunyamaza kungekamilisha kazi ya wauaji. Na kwa kweli historia haikuishia kwenye makaburi. Mwaka 2008 kilifunguliwa Kazimierz kituo cha jumuiya ya Wayahudi, na wamo waliogundua ukubwani kwamba bibi au babu yao alikuwa Myahudi. Jirani alishikilia taa mpaka baadhi ya wenyewe wakarudi.

3. Mbale: sherehe ya wenyewe

Sasa tuje karibu. Mashariki mwa Uganda, kuzunguka Mbale, wanaishi Abayudaya, Waafrika wanaoshika dini ya Kiyahudi. Mwanzilishi wao, Semei Kakungulu, alikuwa kiongozi wa kijeshi wa Kiganda aliyeujua Ukristo, akasoma Agano la Kale, na mwaka 1919 akatahiriwa pamoja na wanawe. Alifariki mwaka 1928, lakini jumuiya yake ilidumu, ikiimba zaburi kwa Kiganda na kwa midundo ya nyumbani.

Idi Amin alipiga marufuku ibada yao. Wengi walibadili dini, na waliobaki walisali kwa siri. Utawala huo uliangushwa tarehe 11 Aprili 1979, majeshi ya Tanzania na wapiganaji wa Uganda walipoitwaa Kampala. Jioni ya siku hiyo hiyo, kwa kalenda ya Kiyahudi, ilikuwa usiku wa kuanza Pasaka, sikukuu ya kutoka utumwani. Tunapowakumbuka askari wetu wa vita vile, tukumbuke pia kwamba kuna watu katika kilima cha Uganda ambao Pasaka yao imeshikamana na ushindi huo.

Abayudaya wanatusaidia kuona kosa moja la mawazo yetu. Tunapozungumzia "Wayahudi" katika mafundisho, mara nyingi tunawaona kama watu wa kitabuni tu, waliokwisha wakati Agano Jipya lilipoanza. Kumbe wapo, na wengine ni majirani wa mpaka mmoja, wanaokula Pasaka kwa vyakula vya shamba kama vyetu.

4. Kanisa linatufundisha nini?

Tarehe 28 Oktoba 1965, Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitoa Tamko Nostra aetate. Namba yake ya nne inafundisha kwamba mateso ya Kristo hayawezi kuhesabiwa juu ya Wayahudi wote walioishi wakati ule bila tofauti, wala juu ya Wayahudi wa leo, na kwamba Kanisa linasikitikia chuki na mateso yote dhidi yao. Msingi wake ni sura ya 11 ya Waraka kwa Warumi: sisi wa mataifa ni matawi ya mzeituni mwitu yaliyopandikizwa. Si sisi tunaolibeba shina. Shina ndilo linalotubeba.

Mtakatifu Yohane Paulo II, aliyekuwa Askofu Mkuu wa Kraków tangu 1964 hadi 1978 na aliyekulia Wadowice akiwa na marafiki Wayahudi, aliingia katika Sinagogi la Roma tarehe 13 Aprili 1986 na kuwaita Wayahudi ndugu wakubwa. Sisi Waswahili tunajua uzito wa neno hilo. Kaka mkubwa hupewa shikamoo hata kama hamkubaliani.

Hapa msomaji anaweza kuuliza: na vita vya Mashariki ya Kati je? Tutofautishe mambo. Kuheshimu watu, dini na utamaduni si kuidhinisha kila tendo la serikali yoyote, wala si kufumba macho mbele ya damu ya Mpalestina au ya Mwisraeli. Tamko lile lile, katika namba ya tatu, linawataja Waislamu kwa heshima. Hatuwezi kulichagua nusu.

5. Kurudi Kizimkazi

Kizimkazi Dimbani kuna msikiti wenye maandishi ya Kikufi ya mwaka 500 Hijria, sawa na 1107. Jirani zake, watu wa Makunduchi, kila mwezi Julai huadhimisha Mwaka Kogwa: wanaume wa pande mbili hupigana kwa migomba ili kumaliza kinyongo cha mwaka, kibanda cha makuti huchomwa, wanawake huimba, kisha watu hula pamoja. Ni desturi njema siku hiyo kuwa na mgeni nyumbani. Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone.

Kwa hiyo, kutokana na safari yetu, tunapata mambo matatu ya kushika.

Kwanza, tuhudhurie kama wageni. Kraków inaonesha mzigo wa kuitunza sherehe pale wenyewe walipoangamizwa. Kizimkazi wenyewe wapo. Kazi yetu ni kusikiliza, kuuliza maana ya wimbo kabla ya kuupiga picha, na kukaa mkekani tunapokaribishwa.

Pili, tuwe wakweli. Pale ambapo tendo ni la ibada isiyo yetu, tusimame kwa adabu bila kushiriki. Adabu na imani havigombani.

Tatu, tuisafishe midomo yetu. Katika mahubiri na katekesi, hasa kuelekea Ijumaa Kuu, tusiseme "Wayahudi walimwua Yesu" kana kwamba tunazungumzia taifa zima. Yesu, Maria na Mitume walikuwa Wayahudi. Chuki iliyoondoa watu 60,000 katika mji mmoja ilitanguliwa na maneno, na baadhi ya maneno hayo yalisemwa kwa karne nyingi na Wakristo.

Maswali kwa jumuiya ndogo ndogo

Je, katika parokia yetu tunawataja vipi Wayahudi na Waislamu wakati hawapo kutusikia?

Ni sherehe gani ya jirani tumewahi kualikwa tukakataa, na kwa sababu gani?

Kama jirani zetu wangetoweka leo, tungeweza kuwasimulia watoto wetu nyimbo, vyakula na sala zao? Kama hatuwezi, tuanze kuwauliza sasa, wakiwa bado wapo.