Ngozi baada ya kupandikizwa uboho: usingoje ikakamae

Ndugu mfanyakazi, na wewe mama wa nyumba, wote mnaijua anemia SS. Tangu miaka ya 1980, waganga wa Ubelgiji wamewaponya watoto kadhaa wenye ugonjwa huo kwa kuwapandikizia uboho wa ndugu yao. Uboho ni kile kitu laini kilicho ndani ya mifupa, kinachotengeneza damu. Lakini mtoto akirudi nyumbani, kazi haijaisha. Itazameni ngozi yake.

Kwa nini? Uboho mpya huzaa askari wa damu. Kazi yao ni kufukuza kila kitu kigeni. Pengine huuona mwili wa mtoto kuwa ndio mgeni, nao huushambulia. Ugonjwa huu wa muda mrefu huanza mara nyingi katika mwaka wa kwanza, pengine baadaye.

Dalili zake ni hizi:
1. Vipele bapa vya zambarau; juu ya ngozi nyeusi huonekana kama rangi ya majivu au nyeusi zaidi.
2. Mabaka meusi na meupe, nywele kuanguka, kucha kuvunjika, kinywa na macho kukauka.
3. Ngozi kukaza na kuwa ngumu, hata huwezi kuifinya kwa vidole.

Hii ya tatu ndiyo mbaya kuliko zote, kwani hufunga viungo. Kila juma mwambie mtoto akutanishe viganja mbele ya kifua, kama mtu anayesali, na ainue viwiko. Akishindwa kufanya alivyoweza juma lililopita, mpeleke kwa mganga mara moja. Ngozi iliyokwisha kukakamaa hulainika kwa shida, na pengine hailainiki tena.

Mambo ya kushika:
— Huu si ukoma, wala si ulozi. Hauambukizi. Msimfiche mtoto.
— Jua huuchochea. Avae kofia na shati la mikono mirefu.
— Asipakwe mafuta ya kujichubua ya sokoni. Huharibu ngozi iliyokwisha kudhoofika.
— Dawa za kortizoni zisikatwe ghafla, hata akionekana mzima. Mganga ndiye anayezipunguza, pole pole.
— Dawa hizo hupunguza nguvu ya mwili kujikinga. Akipata homa au kidonda, aende hospitali siku ile ile.

Mzazi humwona mtoto kila siku, mganga humwona mara chache. Basi macho yako ndiyo kinga yake ya kwanza.